Miaka miwili na Honda NC700X hapa Mombasa: mnaotaka piki ya kati ya kila siku njooni tuongee

BarubaruWaBamburi

Assalam aleikum wadau. Mie ni msomaji wa kimya kimya lakini leo nimeona niandike, maana kila siku mbili tatu kuna mtu auliza atoke kwa piki ndogo kama Boxer aende wapi, halafu nusu ya wanaojibu hiyo piki wanayoisifu wameiona kwa simu tu.

Naishi Bamburi, kazi yangu Changamwe, mambo ya kutoa mizigo bandarini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40 kila siku, na wikendi naweza kufika Malindi kwa wazee ama Diani kwa shughuli. Miaka sita nimepanda piki ya cc 150 na sina neno nayo, imenilea. Lakini ile Makupa hadi Changamwe na matrela ya bandari, trela likikupita pale upepo wake wakusukuma nje kisha wakuvuta ndani, na wewe huna la kuongeza, mkono ushakunja mafuta yote. Nikasema basi, nataka kitu kizito kidogo, kinachokaa barabarani, lakini kisinifilisi kwa petroli na kisinikwamishe kwa foleni kama punda aliyepandia ngazi.

Nikachukua Honda NC700X, ya 2012, kwa mtu aliyekuwa ahama nchi. Sasa hii piki ukiisoma kwa karatasi yachosha. Injini cc 670, silinda mbili, nguvu ya farasi 50 na kidogo tu. Kuna piki za 600 zina mara mbili ya hiyo. Lakini wenyewe Honda walipoitengeneza waliangalia watu wanavyoendesha kweli kweli, wakaona wengi hawapiti kilomita 140 kwa saa wala mizunguko 6,000 ya injini kwa dakika, basi wakaona nguvu yote waiweke huko chini unakoitumia. Pistoni ina kipenyo cha milimita 73 na mwendo wa milimita 80, yaani yenda mbali kuliko upana wake, ndo maana yavuta tangu chini. Naingia Nyali Bridge gia ya tatu, foleni yaenda yasimama yaenda yasimama, naachia klachi, piki yajikokota yenyewe bila kutetemeka. Kwa 150 hapo ningekuwa nshabadilisha gia mara kumi na mkono wa kushoto waniuma.

Halafu imelazwa. Injini yenyewe imelala mbele digrii 62, silinda zaangalia tairi la mbele, kwa hivyo uzito wote uko chini. Piki ni kilo 214 na zaidi lakini ukishaanza kutembea wasahau, kuipindisha katikati ya tuktuk ni rahisi kuliko mnavyodhani. Ukisimama ndo wakumbuka 😅

Na kwa kuwa injini imelala, pale ambapo piki nyingine zina tangi, hii ina sanduku. Lita 21. Helmeti ya uso mzima yaingia, wafunga kwa ufunguo, waenda zako msikitini ama benki mikono mitupu. Mie humo naweka faili za kazi, koti la mvua, na jioni mkate na mahamri. Tangi liko chini ya kiti, lita 14, na mdomo wake uko chini ya kiti cha abiria.

Hapo kuna kisa. Mwezi wa kwanza nimesimama petroli stesheni, nikafungua sanduku kutoa pochi, kijana wa pampu alikuwa aongea na mwenzake, akaona pahala pa tangi pako wazi, akaleta mdomo wa pampu. Wallahi ilibaki vidole viwili anijazie helmeti petroli. Nlipiga ukelele hadi mlinzi akaja. Tangu siku hiyo nafungua kiti cha nyuma kwanza halafu ndo natafuta pochi.

Ulaji wake: mjini napata kilomita 25 hadi 26 kwa lita, barabara ya Malindi nikienda kwa adabu yafika 28. Injini ya 670! Kuna jamaa wa gari dogo ofisini hataki kuongea nami siku ya mshahara.

Ulizeni, nitajibu nikitoka kazini.

TuktukMstaafu

Waaleikum salaam. Kaka maelezo mazuri lakini hujasema bei, na watu wa Mombasa twaanzia bei 😂

BarubaruWaBamburi

Bei inboksi mzee wangu, mke wangu pia asoma huku.

KijanaWaDominar

Mi nawaheshimu lakini hizi piki za 700 kwa mtu wa Mombasa ni kujitakia. Nna Bajaj Dominar 400, ni cc 373 silinda moja, redieta ina, gia sita, tangi lita 13, na nikitaka kichujio cha oili ama breki pedi natuma mtu mjini arudi kabla chai haijapoa. We ukitaka breki pedi za hiyo NC wangoja basi la usiku kutoka Nairobi. Sasa piki ya kila siku ambayo spea zake si za kila siku, hiyo ni ya kila siku kweli?

BarubaruWaBamburi

@KijanaWaDominar hapo umenigusa kwenye kidonda, na sitabisha kwa ajili ya kubisha. Ni kweli. Mie nimejifunza kununua mbele: kwa kabati nna breki pedi za mbele na nyuma, vichujio viwili vya oili, plagi mbili, kebo ya klachi. Vikitumika naagiza vingine siku hiyo hiyo, singoji vinishikie njiani. Tairi ni 120/70 mbele na 160/60 nyuma, zote inchi 17, hizo ni saizi za piki nyingi kubwa kwa hivyo zapatikana, lakini ndo hivyo, Nairobi.

Na nikuambie tu, mtu akiniuliza naye anazunguka Kisauni, Tudor, Town, mara moja kwa mwezi Kilifi, namwambia achukue 400 kama yako. Mie kilichonitoa huko ni masafa na abiria. Silinda moja saa nzima kwa kilomita 100 na mtu nyuma, mikono yangu ilikuwa yafika Malindi ikiwa imekufa ganzi. Pengine ni uzee.

KijanaWaDominar

Una miaka mingapi?

BarubaruWaBamburi

34. Lakini mgongo una 60.

FundiGrisi

Salaam. Nimesoma yote, vijana mwaongea farasi na tangi, hakuna hata mmoja ametaja adui wa hapa kwetu. Chumvi.

Mie niko gereji miaka mingi. Piki ya bara ya miaka kumi yaja kwangu kama bibi harusi, ya Mombasa ya miaka mitatu isiyotunzwa yaja kama nanga. Na nyinyi mnaokaa Nyali, Bamburi, Shanzu, ufuoni huko, kusi likianza kuvuma mwezi wa tano wa sita, ule unyunyu wa bahari hauonekani lakini pitisha kidole kwa kioo cha dirisha asubuhi ukilambe. Basi ndo unaolala juu ya piki yako usiku kucha.

Sasa kosa kubwa, na hili nalisema kila siku na hawasikii. Mtu aona piki ina vumbi apeleka kuoshwa. Kijana wa kuosha achota maji ya kisima. Visima vyetu vingi hapa maji yake ni ya chumvi, chai haifai, sabuni haitoi povu, halafu wewe wamwagia boliti za breki na plagi za nyaya, piki yaanikwa jua la saa saba, maji yakauka chumvi yabaki imejificha ndani. Umelipa pesa yako kuitia kutu! Bora uiache na vumbi. Ukiosha osha kwa maji ya mfereji, yawe ya kununua kwa mkokoteni lakini uulize yametoka wapi, ama ungoje mvua za mwaka uitoe nje yenyewe ioshwe na Mungu. Kisha uifute. Kuifuta ndo kazi, maji ni nusu tu.

Halafu:
boliti zote unazozijua wewe mwenyewe utazifungua siku moja, zifungue leo zikiwa zataka, paka grisi, rudisha. Zile pini za kalipa ya breki zinazoteleza, hizo ndo za kwanza kushika kutu, breki yabaki imebana wewe wadhani piki imechoka. Na plagi za nyaya chini ya kiti, tia grisi ya umeme kidogo, kidogo tu, si kama wapaka mkate siagi.

Cheni: hii ya Barubaru ni ya cheni si ya shafti. Cheni za piki hizi zina raba ndogo ndogo ndani zinazoshika grisi. Ukiiosha kwa petroli zile raba zafa, na cheni yafuata. Mafuta ya taa na brashi laini, futa kavu, tia oili ya gia nambari 90, na uitie ukitoka safari cheni ikiwa na joto, ipate usiku mzima kunywa. Wengi waitia asubuhi wakitoka, yote yarukia rimu na suruali.

Kitu kimoja cha kuisifu hiyo NC, tapeti zake, zile za kurekebisha nafasi ya vali, ni za skrubu na nati, kama piki ndogo. Fundi yeyote mwenye fila geji na subira afanya. Hizi nyingine nyingi za kati, kina Versys, V-Strom, CB500, ni za shimu, visahani vya chuma, wapima, wabadilisha kisahani, waagiza kisahani. Si kazi ya chini ya mwembe.

TuktukMstaafu

Fundi nimelamba kioo cha dirisha. Ni kweli. Mke wangu ameniona, sasa nimeulizwa maswali.

MamaZuu_Likoni

Hamjambo. Samahanini kuingia, mie ni mwanamke na naendesha, nna TVS ya 125 miaka minne, nafanya kazi Ganjoni naishi Likoni. Nataka kupanda juu kidogo sababu nna biashara ya nguo napeleka Ukunda na Msambweni na ile 125 ikibeba furushi yasota. Maswali yangu mawili. Mimi ni futi tano na inchi tatu, hii NC miguu itafika? Na pili ferri. Kaka Barubaru wewe wa Bamburi wapanda ferri mara moja moja, mie ferri ndo maisha yangu, mara mbili kwa siku, kilo mia mbili kwa ile sakafu ya chuma iliyolowa nitaweza?

BarubaruWaBamburi

Dada MamaZuu karibu sana. Kiti cha NC ni milimita 830 kutoka chini. Mie nna futi tano na nane, nyayo zafika vizuri. Kwa tano na tatu utakuwa kwa vidole. Mtu aweza kupunguza povu la kiti, lakini kwa ferri sitaki kukudanganya, muulize @NahodhaMkavu, huyo ni mtu wa ng'ambo ya Likoni.

NahodhaMkavu

Nimeitwa nimekuja 😄 Shikamoo kwa wakubwa.

Dada MamaZuu, kwanza ferri. Shida si sakafu, shida ni mteremko, na mteremko waubadilisha mwezi. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakitoka, ile gati yabaki ndefu na kali, washuka kama waenda kisimani, na mwisho wake ndo kile kibao cha chuma cha ferri, kimelowa, kina mchanga, kina maganda ya machungwa. Hapo mbele yako kuna mkokoteni wa viazi umekwama, nyuma yako watu elfu hawana habari kwamba wewe ndo umebeba kilo mia mbili. Ukisimama hapo kwa vidole vya mguu mmoja na vidole vikateleza, imekwisha, yaanguka, na kuinuka utainuka lakini aibu je.

Ninavyofanya mie, na nna V-Strom 650 ambayo kiti ni 835, yaani mbaya zaidi: sishuki kabla mbele hapajafunguka hadi ndani. Nangoja juu pahali pa tambarare. Wakipiga honi wapige. Nikishuka nashuka mara moja, gia ya kwanza, breki ya nyuma, ya mbele siigusi kwenye chuma. Ndani naenda ubavuni, nazima, natia gia, stendi ya pembeni upande wa kuelemea ukuta, na nabaki nimeshika. Siku hizi nikiwa sina haraka, ama nikiwa na mzigo, nazungukia Dongo Kundu. Kutoka Town ni mzunguko, wenda hadi Miritini ndo wapinda, wavuka yale madaraja watokea Ng'ombeni, na kwa mtu wa Ganjoni anayerudi Likoni ni kama kushika sikio kwa mkono wa nyuma. Lakini kwa Ukunda na Msambweni hesabu zabadilika, maana Ng'ombeni ushaipita Likoni yote na hujasukumana na mtu.

MamaZuu_Likoni

Kaka umenichekesha na umenitisha. Hiyo ya kungoja tambarare hata kwa 125 naifanya, siku moja mkokoteni ulinirudia kinyume nikabaki nimekumbatia piki na viazi.

MpitaNjia001

Wanawake wapande tuktuk tu, hizi piki kubwa si zao

TuktukMstaafu

Wewe unapanda nini?

MpitaNjia001

Matatu

TuktukMstaafu

Basi kaa na konda wako, tuache wenye piki tuongee. Endeleeni.

DerevaWaTrela

Habarini. Mie siko kwa piki, niko kwa trela, Mombasa Malaba, kijana wangu ndo amenitumia huu uzi kwa sababu ataka niongeze pesa anunue hiyo kitu. Nimesoma nikaona niseme ninavyowaona kutoka juu huku.

Mwenye 150 akitaka kunipita, namwona kwa kioo dakika mbili nzima. Atoka, ajaribu, upepo wamrudisha, ajaribu tena, mbele yaja basi, roho yangu yaruka. Trela langu limefungwa gavana, 80 sipiti. Kwa hivyo we huhitaji piki ya mashindano kunipita, wahitaji ile ya kutoka 75 hadi 105 bila kufikiria. Haya mambo ya farasi mia sijui mia ngapi kati ya Mariakani na Voi mwaenda kuyatumia wapi? Kule kupanda Mazeras nikiwa nimejaza natembea kama harusi, hata baiskeli yanipita.

Cha pili, kama huvioni vioo vyangu, mie sikuoni. Msinikalie nyuma ya tairi kungoja nafasi. Kaa nyuma mbali, upande wa kulia, nikuone taa. Na msipite kushoto kwangu hata nikiwa nimesimama. Kushoto nina shimo la macho, hapo hata ndovu simwoni.

Cha tatu huyo kijana wangu ana miaka 19 na sitampa pesa ya 700. Asome hapa hapa.

BarubaruWaBamburi

Mzee DerevaWaTrela shikamoo, umeeleza kwa mistari mitatu nilichokuwa nataka kueleza tangu juu. Hiyo 75 hadi 105 ndo hii piki.

Lakini kuna jambo lazima niseme kwa wanaotoka piki ndogo, hii injini yakata mapema. Kwa 150 umezoea kuikamua hadi ilie. NC ukifika mizunguko 6,500 hivi, pap, mafuta yamekatwa, kama umegonga ukuta wa godoro. Mara ya kwanza ilinikuta nje ya Mtwapa napita lori la kokoto, nlishuka gia hadi ya pili kwa mazoea ya zamani, nikafungua, ikavuta sekunde mbili halafu ikanyamaza, na mbele matatu yaja na taa. Nilirudi nyuma ya lori nikaswali kimoyomoyo. Kosa langu, si la piki. Sasa napitia gia ya nne ama ya tano, nafungua tu, yaenda. Masikio yakwambia umechelewa lakini ukiangalia spidi ushapita.

Na kwa vile kijana ana miaka 19, aanze na hiyo 400 mzee. Ama abaki na 150 na helmeti nzuri.

KijanaWaDominar

Mwaona! Mwaona!

FundiGrisi

Wewe tulia, cheni yako niliisikia jana ukipita Kisauni kama mtu avuta nanga.

BintiWaKuuliza

Swali fupi, hii NC haina ya otomatiki? Nilisikia kuna ya gia mbili za klachi sijui

BarubaruWaBamburi

Ipo. Waiita DCT, ina klachi mbili ndani na yabadilisha gia yenyewe, mkono wa kushoto hauna klachi kabisa, ama ukitaka wabonyeza vidude wabadilisha mwenyewe. Kwa foleni ya Kongowea najua ningefurahi. Lakini ni nzito kuliko hii ya kawaida, na hapa kwetu likitokea la kutokea kwenye ule ubongo wake sijui nani ataufungua. Toka 2014 pia injini ilipanuliwa ikawa 745 ndo ikaitwa NC750X. Ukipata ya 750 safi chukua, tofauti si ya kukufanya ulale macho.

NahodhaMkavu

Naomba niseme jambo la abiria maana hamjaligusa. Mke wangu huvaa buibui, na kwenye boda miaka yote akikaa upande. Hii tabia kwenye piki ya kati ni hatari mara mbili. Piki yafunga breki sawasawa, si kama boda, na mtu aliyekaa upande hana pa kushika magoti, ateleza mbele yote aje mgongoni kwako. Na ile nguo ya chini upande wa cheni, Mungu atuepushe, nimeona kwa macho yangu nguo yavutwa na sproketi, alhamdulillahi piki ilikuwa yaanza tu kutoka. Tukakubaliana nyumbani, suruali ndani, buibui lakunjwa lafungwa kiunoni, akaa kama mpanda farasi, akishuka alishusha tena buibui. Na helmeti yake mwenyewe na koti la reflekta lake mwenyewe, maana sheria yataka abiria pia awe navyo, na helmeti ya kuazima azima hiyo ya boda yanuka vichwa vya watu mia.

BarubaruWaBamburi

Sahihi kabisa. Kwa NC ongezea hili, mdomo wa petroli uko chini ya kiti cha abiria, kwa hivyo kila ukijaza lazima ashuke. Na ukifunga mzigo kwa kamba juu ya kile kiti ndo umejifungia petroli. Nimewahi kufungua furushi zima la makuti ya mzee Kilifi kwa ajili ya lita tano. Dada MamaZuu kwa biashara yako ya nguo hili ulifikirie, utahitaji boksi la nyuma kwenye keria, ama mifuko ya ubavuni, si kamba.

Na lile sanduku la mbele msiweke samaki. Sisemi zaidi.

TuktukMstaafu

Sema

KijanaWaDominar

Sema bana

BarubaruWaBamburi

Changu kilo mbili, nilichukua asubuhi kwa wavuvi nikitaka kumpelekea bosi. Bosi hakuja siku hiyo. Nami nikasahau. Mwezi wa pili ule, kaskazi, mnajua joto lake. Nilifungua saa kumi na moja jioni kutoa helmeti.

Nimeosha kwa ndimu, nimeosha kwa siki, nimetia udi nikafunga, sasa yanuka samaki aliyeolewa.

MamaZuu_Likoni

😂😂😂 nimecheka hadi wateja wamenitazama

Sasa nirudini kwenye langu. Nimefikiria haya mlosema. NC ni ndefu na kiti cha nyuma kina mambo ya petroli. Kuna mtu Nyali auza Honda CB500X, asema ni ya 2016. Hiyo je? Mzigo wangu haupiti kilo 40 na abiria sina.

NahodhaMkavu

Hiyo ndo yako dada. Ni cc 471, silinda mbili, farasi 47, tangi liko mbele pahala pake na ni kubwa kuliko la NC. Na ikiwa kweli ni kabla ya 2019 basi tairi la mbele ni inchi 17 na kiti ni 810. Za 2019 kuendelea walitia tairi la mbele inchi 19 na kiti kikapanda 830. Milimita 20 wasema ni kitu gani, lakini pale gatini maji ya bamvua yakitoka, hizo 20 ndo tofauti ya vidole na unyayo. Na ni nyepesi kuliko ya Barubaru kwa karibu kilo 20.

BarubaruWaBamburi

Naunga mkono. Haivuti kama yangu mizunguko ikiwa chini, yataka uizungushe zaidi, lakini wewe umezoea 125 haitakupa tabu. Hakikisha makaratasi kwanza, jina la kwenye logbuku liwe ni la huyo anayekuuzia, na uhamisho mfanye kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, mkiwa mmekaa pamoja, yeye aanzishe wewe ukubali, pesa ndo itoke. Mie mwenzenu niliwahi kulipa kwanza zamani kwa piki nyingine, yadi moja hapa mjini siitaji, miezi saba nikizungushwa.

MamaZuu_Likoni

Ahsante kaka. Nimeongea naye, twaenda kuiona Jumanne baada ya adhuhuri. Fundi @FundiGrisi naomba unisindikize, gharama yako nalipa.

FundiGrisi

Nitakuja binti yangu, nauli na chai tu. Ya kwako wewe, ukifika usiangalie rangi, piga magoti uangalie chini, boliti za injini na stendi, hapo ndo utaona imelala ufuoni ama imelala bandani. Shika cheni ile sehemu ya nyuma kabisa kwenye sproketi uivute, ikitoka kwenye meno ujue imekwisha. Zungusha tairi ya mbele usikilize breki. Uliza aliiosha kwa maji gani, akishangaa swali ushapata jibu.

Na kubwa kuliko yote, mpigie simu asubuhi umwambie asiiwashe. Kabisa. Akikwambia ameipasha moto kidogo ili uione ikiwa tayari, twageuza hapo hapo. Injini ikishapata moto yaficha tabu zake za kuwaka, nataka niiguse kwa mkono ikiwa baridi, halafu niwashe mwenyewe.